Kituo cha Afya cha Jamii: Safari ya Wazo Kutoka Pholela Hadi Mound Bayou

Nikiletewa mpango mkakati wa kituo cha afya cha jamii niusome, ukurasa wa dira na dhamira huwa nauruka. Si kwa dharau. Karibu zote zinafanana: huduma bora, kwa wote, kwa heshima, kwa gharama nafuu, na watumishi wenye weledi. Hakuna kituo kitakachoandika kwamba dhamira yake ni kuwapanga watu foleni tangu alfajiri na kuwarudisha nyumbani bila dawa. Kwa hiyo mimi huanza na majina ya wajumbe wa bodi, nikaenda kwenye bajeti, halafu natafuta ukurasa unaosema kituo kinawajibika kwa watu gani, wangapi, wanaoishi wapi. Huo wa mwisho mara nyingi haupo.

Kazi yangu ni afya ya jamii, na swali ninaloulizwa sana ni hili: zahanati iliyojengwa katikati ya watu ina tofauti gani na kituo cha afya cha jamii? Kwa macho huwezi kuona. Kote kuna mapokezi, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa, kliniki ya mama na mtoto. Tofauti iko kwenye mambo ambayo mgonjwa hayaoni akiingia mlangoni: kituo kinamhesabu nani kuwa mtu wake, kinakubali nini kuwa tiba, na nani mwenye neno la mwisho. Mambo haya hayakutungwa kwenye warsha. Yalipatikana kazini, katika nchi mbalimbali, na kuna mahali yalizimwa na wenye mamlaka kwa kuwa yalifanya kazi. Ndiyo maana nikiombwa kueleza maadili ya kituo cha namna hii, najikuta nasimulia historia.

London naipitia haraka. Mwaka 1926 madaktari wawili, George Scott Williamson na Innes Pearse, walifungua kituo kidogo huko Peckham, kusini mwa jiji. Mwaka 1935 wakahamia jengo jipya lililosanifiwa na Owen Williams, lenye vioo vingi, bwawa la kuogelea katikati, ukumbi wa mazoezi na mkahawa. Familia za jirani zilijiunga kwa ada ndogo ya kila wiki, na sharti lilikuwa kila aliyemo kwenye familia apimwe mara kwa mara. Hawakutibu. Aliyekutwa na ugonjwa alielekezwa kwingine, kwa sababu walichotaka kukichunguza ni afya yenyewe. Vita vikakifunga, kikafunguliwa tena, na mwaka 1950 kikafungwa moja kwa moja. Mfumo wa afya wa taifa ulioanza Uingereza mwaka 1948 haukuwa na pa kukiweka kituo kinachopokea familia za eneo lake tu, kinachotoza ada na kisichotibu. Wasanifu majengo wanakipenda mno hadi leo. Mimi nakiheshimu, ila sioni kuwa ndicho mzazi wa kituo cha jamii. Wanachama wa Peckham walikuwa huru kuliko wagonjwa wa kawaida, lakini swali lililokuwa likichunguzwa lilikuwa la madaktari, na waliobaki na majibu ni madaktari.

Mzazi ninayemtambua mimi yuko Afrika Kusini.

Mwaka 1940 Sidney Kark na mkewe Emily, madaktari vijana, walitumwa na serikali kwenda kuanzisha kituo cha afya Pholela, kwenye vilima vya Natal karibu na milima ya Drakensberg. Pamoja nao walikuwapo Edward Jali, msaidizi wa tabibu, na mkewe Amelia, muuguzi. Majina ya akina Jali hupotea kwenye masimulizi mengi, na hilo linaniudhi, maana kazi ya kwanza pale ilikuwa kuingia kwenye nyumba za watu na kuaminiwa. Pholela ilikuwa eneo walilotengewa Waafrika. Ardhi imechoka, udongo unaoshwa na mvua, na wanaume wengi wako migodini na mijini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watoto walikuwa na unyafuzi. Kifua kikuu na kaswende vilikuwa kila upande.

Daktari wa kawaida angefungua mlango, akasubiri. Timu ile ilichukua eneo dogo karibu na kituo, ikachora ramani, ikapita nyumba kwa nyumba na kuandikisha kila mtu: nani anaishi hapa, nani amekwenda kazini mbali, nani alizaliwa, nani alikufa, wanalima nini, maji wanayachota wapi. Baadaye eneo likapanuliwa kidogo kidogo. Wenyeji walifundishwa kuwa wahudumu wa afya, ndio waliokuwa wakizitembelea nyumba zile tena na tena.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili linaonekana dogo na ndilo lililobeba mengine yote. Tuseme kituo kimechanja watoto 400 kwa mwaka. Ni wengi au ni wachache? Kama watoto wa eneo lake ni 420, kimefanya kazi nzuri sana. Kama ni 1,300, kimewaacha nje watoto wengi kuliko kiliowafikia, na huenda hao ndio wanaoishi mbali zaidi na wenye hali ngumu zaidi. Rejesta ya wagonjwa haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili, maana inamjua aliyefika tu. Ukiwa na orodha ya nyumba, hata yule asiyefika ana jina, na kutofika kwake kunakuwa habari ya kushughulikiwa. Kituo kinachosema kinahudumia jamii bila kuwa na orodha hiyo kinahudumia foleni.

Orodha ile ilibadilisha pia maana ya tiba. Ukishajua kwamba watoto wenye unyafuzi wanatoka nyumba zisizo na bustani wala maziwa, dawa ya maji kwenye chupa haitoshi. Pholela wakaanzisha bustani ya mboga ya mfano, wakawafundisha watu kutengeneza mbolea ya mboji, wakasaidia kupanga ununuzi wa mbegu kwa pamoja, na akina mama wakakaa kwa vikundi kujadili chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa. Kaswende nayo ilimpeleka Kark mbali zaidi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1949 alionyesha kwamba kuenea kwake hakuwezi kutenganishwa na mfumo wa kazi za migodini, uliowatoa wanaume nyumbani kwa miezi mingi na kuzivunja familia. Yaani chanzo cha ugonjwa kilikuwa kwenye sheria za nchi. Daktari akishafika hapo, mwanasiasa lazima amsikie, apende asipende.

Kwa muda mfupi wanasiasa walimsikia vizuri. Tume iliyoongozwa na Henry Gluckman, iliyotoa ripoti yake mwaka 1944, ilipendekeza mfumo wa afya wa taifa uliojengwa juu ya vituo kama Pholela, 400 kwa nchi nzima. Vilivyopata kuanzishwa ni takriban 40. Mwaka 1948 chama cha National kikashika madaraka, na serikali ya ubaguzi haikuwa na hamu ya kugharamia timu za rangi mchanganyiko zinazowafunza Waafrika na kuandika kwamba njaa inatokana na sera. Havikufungwa kwa siku moja. Fedha zilipungua, watumishi wakaondoka, vikabaki zahanati za kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akina Kark wakahama, wakaiendeleza kazi yao Jerusalem.

Wazo lingeweza kuishia hapo, kama si mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, aliyekwenda mwaka 1957 kujifunza Pholela na katika kituo cha Lamontville, Durban. Mwaka 1964 alikuwa Mississippi pamoja na madaktari waliokuwa wakiwaunga mkono wapigania haki za raia, na alichokiona vijijini kilikuwa kile alichokiacha Natal: watu weusi kwenye vibanda vinavyovuja, maji machafu, watoto wenye njaa ndani ya nchi tajiri. Mara nyingi huwa tunasimuliwa kuwa mawazo ya afya yanatoka kaskazini yakija kusini. Hili lilikwenda njia nyingine, na ninapofundisha nalisisitiza.

Geiger na mwenzake Count Gibson wa Chuo Kikuu cha Tufts wakapata fedha za serikali kuu, kutoka ofisi iliyoundwa kwa ajili ya vita dhidi ya umaskini. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Desemba 1965 huko Columbia Point, Boston, ndani ya nyumba za umma zilizojengwa pembeni ya jiji, mahali ambapo kwenda hospitali kulikuwa safari yenyewe. Cha pili kilifunguliwa mwaka 1967 Mound Bayou, katika Delta ya Mississippi, mji ulioanzishwa mwaka 1887 na watu waliotoka utumwani.

Mound Bayou ndipo ninapopenda kukaa. Kabla madaktari hawajaanza kazi, John Hatch, mratibu wa jamii, alizunguka makanisani na majumbani akiitisha mikutano. Watu waliulizwa wanataka nini. Kliniki haikutajwa kwanza. Walitaka kazi, chakula, nyumba, maji. Hawa walikuwa wakulima wa pamba ambao mashine za kuvuna na dawa za magugu zilikuwa zimewatoa shambani, hawana mshahara wala ardhi. Wakajipanga katika vyama vya afya vya vijiji, kila kimoja na mahali pake pa kukutania.

Kisha likaja suala la cheti. Daktari anampima mtoto, anamkuta na utapiamlo, anaandika kwenye cheti cha dawa: maziwa, nyama, mboga, mayai. Mama anakipeleka dukani, anapewa vitu, na muuza duka analeta hesabu kituoni, inalipwa kutoka fungu la dawa. Habari zikafika juu. Wakubwa wakahoji inakuwaje fedha za dawa zinunue chakula. Geiger akawajibu, kwa namna fulani, kwamba kwa kadiri ya vitabu vyake tiba mahususi ya utapiamlo bado ni chakula. Sijui jibu lenye adabu zaidi ya hilo ambalo bado lingekuwa na meno.

Lakini cheti cha maziwa kina kikomo, na wenyeji ndio waliokiona. Walikuwa wakulima, wakitaka ardhi walime wenyewe. Ukaanzishwa ushirika wa kilimo wa North Bolivar, familia kwa mamia zikilima mboga na kunde kwenye ardhi iliyokuwa ya pamba. Kituo kilichimba visima, kikajenga vyoo, kikaweka nyavu za madirisha. Na vijana wa pale wakasaidiwa kurudi shule. Baadhi yao walitoka huko wakiwa madaktari, wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii.

Sasa tuje kwenye neno la mwisho, jambo ambalo kwa maoni yangu Wamarekani walilipeleka mbali kuliko Pholela. Pale Natal watu walishirikishwa, ila kituo kilikuwa cha serikali, na serikali ilipobadilika hapakuwa na chombo cha wananchi chenye uwezo wa kukatalia. Nchini Marekani harakati zile zilidai kiti, na sheria ya mwaka 1975 ikaweka jambo hilo wazi: kituo kinachopokea ruzuku ya serikali kuu chini ya mpango huu lazima kiongozwe na bodi ambayo wengi wake, asilimia 51 au zaidi, ni watu wanaotibiwa hapo hapo. Bodi hiyo ndiyo inayomwajiri na kumfukuza mkurugenzi, inayopitisha bajeti, inayopanga saa za kufungua. Pamoja na hayo, ada inapanda na kushuka kulingana na kipato cha mgonjwa, na hakuna anayekataliwa kwa kukosa fedha. Leo mtandao huo unahudumia zaidi ya watu milioni 30, na umepitia serikali za vyama vyote viwili bila kuvunjwa. Sababu ni nyingi, lakini sidhani ni bahati kwamba kila kituo kina raia wenye uwezo wa kusimama na kusema hiki ni chetu.

Hata hivyo, asilimia 51 ya viti si asilimia 51 ya sauti. Nimekaa kwenye vikao vya bodi vya sehemu mbalimbali. Kabrasha la kurasa nyingi linagawiwa mlangoni, mhasibu anasoma jedwali, mkurugenzi anauliza "kuna swali?", wajumbe wanaotibiwa pale wanatazamana, azimio linapita. Kikao kimoja nakikumbuka kwa sababu kilikwenda vingine. Wataalamu walikuwa wamejadili kwa muda mrefu mashine mpya ya ultrasaundi. Mwanamke mmoja, mfanyakazi wa usafi, akanyoosha mkono. "Daktari, mashine ni nzuri," alisema. "Lakini mimi natoka kazini saa kumi na moja, nyie mnafunga saa tisa na nusu. Hiyo mashine nitaiona lini?" Mwenyekiti akaanza kusema suala la saa litaletwa wakati wake. Mama yule akamwambia wakati wake ndio huo. Likajadiliwa pale pale, na kituo kikaanza kufungua jioni siku mbili kwa wiki, hata kabla mashine haijanunuliwa. Hakuna utafiti wa maoni ya wateja ambao ungeliibua jambo lile haraka hivyo, na huwa nawashangaa wanaotumia fedha nyingi kwenye dodoso huku mjumbe wa bodi mwenye jibu amekaa mbele yao.

Bodi za wagonjwa zinahitaji mafunzo ya kusoma bajeti, lugha inayoeleweka, posho ya usafiri, na vikao vinavyoitishwa saa ambazo watu wanaweza kuja. Bila hivyo ni mapambo.

Hili la wananchi kushiriki, dunia nzima ilikuja kulisema kwa sauti moja Septemba 1978, Alma-Ata, Kazakhstani ya leo. Wajumbe wa nchi 134 walikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi inajumuisha chakula, maji safi, elimu na chanjo, na kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga na kuitekeleza. Halfdan Mahler, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alilisukuma kwa moyo wote. Haukupita hata mwaka na nusu, wataalamu wengine wakaja na hoja kwamba mpango huo ni mpana mno na ghali mno, bora yachaguliwe mambo machache yenye faida ya haraka kama chanjo na maji ya chumvi na sukari kwa kuharisha. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Chanjo ziliokoa watoto wengi. Kilichopotea ni lile swali la nani anaamua: mambo machache yalichaguliwa mezani, mbali, na jamii ikaachiwa kuja kupokea.

Kisha miaka ya 1980 ikaja na madeni na mikopo yenye masharti. Mpango wa Bamako, ambao mawaziri wa afya wa Afrika waliukubali mwaka 1987, uliwataka wananchi wachangie gharama za dawa na kamati zao zisimamie mapato. Kwenye karatasi kamati zilipewa nguvu. Kwenye maisha, mahali pengi ushirikishwaji uligeuka kuwa kulipa, na maskini kabisa wakaacha kuja. Misamaha ya malipo ilikuwepo, lakini msamaha unaohitaji barua, mhuri na kujieleza mbele ya foleni ni kizuizi kingine tu. Ukitaka kujua kituo kinathamini heshima kiasi gani, usisome maadili yaliyobandikwa ukutani. Kaa karibu na dirisha la malipo umsikilize mtu asiye na fedha anavyoambiwa.

Kwa wale wanaoniandikia kwamba wanatengeneza ukurasa wa "sisi ni nani" wa kituo chao, ushauri wangu ni wa vitendo. Kwenye dhamira, tajeni eneo na idadi ya watu mnaowajibika kwao, hata kama idadi hiyo inawatia aibu ukiilinganisha na wanaofika. Andikeni bodi inaweza kuamua nini na haiwezi kuamua nini. Orodha ya maadili ifupisheni, na kila neno linalobaki liambatane na jambo mnalolifanya ambalo linawagharimu fedha au muda. Mkiandika "usawa", semeni mgonjwa asiye na kitu anahudumiwaje na nani analipa.

Kwenye historia, msianze na tarehe ya kufungua jengo na jina la mgeni rasmi. Anzeni na kero iliyowafanya watu wakutane: wajawazito waliokuwa wakisafiri mbali kujifungua, maji, mlipuko wa ugonjwa. Watafuteni waliotoa kiwanja, waliopita nyumba kwa nyumba, walioandika barua za kwanza, na muwaombe ruhusa muwataje. Muwahoji mapema, maana watu wa namna hiyo hawaweki kumbukumbu za maandishi na umri unakwenda. Kituo cha Columbia Point siku hizi kinaitwa Geiger-Gibson, kwa heshima ya madaktari wawili wanaoistahili. Majina ya wapangaji wa nyumba zile za umma waliokaa kwenye mikutano ya mwanzo ni kazi ngumu zaidi kuyapata, na kituo chenu bado kinaweza kuyaandika ya kwake.